Mwalimu wa Umeme na Trekta ya Nyasi

Mwalimu wa Umeme alikuwa na neno moja asilolipenda, nalo ni kuharibika. Mara ya kwanza nilipompelekea pasi yangu na kumwambia imeharibika, alinitazama kana kwamba nimemtukana.

"Haijaharibika, abaayo," alisema, akiniita dada kwa Kisomali. "Inalalamika. Wewe umeisikilisa?"

Nikamjibu kwamba pasi yangu haina mdomo, na mimi nina nguo za kanisani za kunyoosha. Akacheka, akaichukua, akakaa nayo kutwa, na jioni akanirudishia ikiwa moto mpaka nikaunguza kola. Tangu siku hiyo tukawa marafiki wa kugombana.

Mimi ni mtunza stoo wa chuo kimoja cha ufundi mjini Garissa. Nilitoka Mwingi nikiwa msichana, nikaapa kwamba nitakaa mwaka mmoja tu halafu niwaachie joto lao. Sasa wanangu wanaongea Kisomali kunishinda. Miaka yote hiyo karakana ya umeme ilikuwa mkabala na mlango wangu, kwa hiyo nilimwona Mwalimu kila siku ya kazi, na siku ambazo sikumwona nilimsikia, maana sauti yake haikujua kushuka. Chuoni kulikuwa na walimu wengi, wa useremala, wa ushonaji, wa kuchomelea vyuma, lakini ukisema "Mwalimu" bila kuongeza kitu, kila mtu alijua unamtaja nani.

Alikuwa mrefu na mwembamba, ndevu zimepakwa hina. Yeye alisema ni sunna. Mimi nilimwambia ni mvi anazificha, na hakunisemesha mpaka wakati wa chai. Mfuko wa shati lake ulibeba vitu vitatu: kalamu, mswaki wa mti, na testa, ile bisibisi ndogo yenye taa ya kupimia umeme. Siku moja, akiwa katikati ya somo, alichomoa testa badala ya mswaki na kuanza kusugua meno nayo. Darasa zima likakauka. Mtu mwingine angecheka yaishe. Mwalimu aliendelea kusugua taratibu, akaitoa mdomoni, akaiinua juu na kusema, "Mmeona? Mshikio ni blastiki. Haubitishi umeme." Kisha akaifuta kwa leso na kuendelea na somo. Ndivyo alivyokuwa. Kukosea alikosea kama sisi sote, ila kukubali kwamba amekosea, hilo hukulipata kwake hata ukimbembeleza kwa halua.

Kiswahili chake kilikuwa cha haraka na cha raha, bila P, V wala Z. Pikipiki kwake ilikuwa bikibiki na viazi vilikuwa fiasi. Nilipomcheka, alinigeza ninavyoyavuta maneno kama mtu anayeteka maji kwenye kisima kirefu, na aliniiga vizuri mno hata walimu wenzangu wakawa wanamwomba arudie. Alikunywa chai ya maziwa yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Wanafunzi aliwafokea kutoka kengele ya kwanza hadi ya mwisho. "Waryaa! Waya hiyo unaifunga kama kamba ya mbusi!" Lakini sikumbuki mwanafunzi hata mmoja aliyemfukuza. Kijana akikosa darasa, Mwalimu mwenyewe alikwenda kumtafuta kwenye vibanda vya miraa, akamrudisha huku akimkemea barabara nzima, watu wakisimama kuangalia.

Nyumba yake ilikuwa mtaa wa Galbet, na humo ndimo ulimoona kichekesho cha maisha yake. Mtu aliyewafundisha nusu ya mafundi wa umeme wa mji huu alikuwa na taa moja sebuleni ambayo haikuwaka mpaka uupige ukuta kofi. Feni ilizunguka ikipenda. Nilipomuuliza mkewe, mama mcheshi anayeuza mashuka sokoni, alishika kiuno na kusema, "Yule ni mwalimu. Mimi kwangu nataka fundi." Mwalimu alijifanya hakusikia. Tena aliogopa radi kuliko mtoto. Wingu likinguruma, alijifunika shuka kichwani na kutuambia sote tuachane na vyuma.

Katika kazi, hata hivyo, alikuwa na namna yake ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Kwao Elwak, mtu akifika kutoka safarini hakai hivi hivi. Anaulizwa habari, na anatakiwa aitoe yote: mvua imenyesha wapi, kisima gani kina maji, mifugo ya nani imepita, nani ni mgonjwa. Anatoa kwa mpangilio na haongezi chumvi, kwa sababu kuna mtu atakayehamisha ngamia wake kwa kutegemea maneno hayo. Mwalimu aliibeba desturi hiyo mpaka ndani ya karakana. Mwanafunzi akileta redio bubu na kukimbilia kuifungua, alimpiga mkono. "Habari kwansa! Redio imelala wabi? Nani alikuwa nayo mara ya mwisho? Ilinyamaza kabla ya mvua ama baada?" Kupima kulikuja baadaye. Aliamini kwamba kila ugonjwa umo ndani ya habari, na kama hauonekani, basi habari ina shimo.

Halafu kulikuwa na adhana yake. Chuo kina msikiti mdogo wa mabati, na aliyeadhini ni Mwalimu, kwa hiari yake tu. Mimi ni Mkristo, lakini nakiri kwamba alasiri, sauti ile ilipotoka kwenye kipaza sauti, nilikuwa naacha nilichoshika. Haikuwa ile sauti ya kufoka kabisa. Ilikuwa laini, ya kubembeleza, kama ya mtu anayemwita mwanawe aliyekasirika arudi ndani kula. Tena hakuchelewa. Wenzetu walirekebisha saa zao kwa Mwalimu. Mara chache alipokuwa safarini, aliadhini mpishi wa chuo, mtu mwema lakini mtumwa wa sufuria zake, na Alasiri yake ilifika pale maharagwe yalipoiva.

Nimesema yote haya ili mnielewe nikisimulia habari ya trekta ya nyasi, kwa sababu ndiyo iliyonionyesha Mwalimu ni mtu wa aina gani.

Uwanja wetu wa mpira ulijengwa na wafadhili. Walileta nyasi, mabomba ya kuvuta maji ya mto Tana, na mwishowe mashine ya kukatia nyasi ya kukaliwa juu, nyekundu, yenye usukani na visu chini ya tumbo. Mji mzima ulikuja kuitazama. Kila mtu aliuliza swali moja: mbuzi wote hawa wa Garissa wana kazi gani? Chuo kikaajiri dereva kwa ajili ya mashine ile peke yake, naye akawa Bishar.

Bishar alitokea Hulugho. Ukame ulikuwa umewamalizia ng'ombe, na mama yake huko alimtegemea yeye tu. Alikuwa mtu mzima mpole, mwenye kicheko cha ghafla, na trekta ile aliipenda waziwazi. Kila asubuhi aliipangusa na kuiwasha kidogo kuijaribu. Wageni wakija, aliwaonyesha mambo yake: akiwa juu injini inaunguruma, akiinuka kitini tu, inazimika yenyewe, ili visu visimkate mtu miguu. Anakaa, anawasha, anainuka, kimya. Watoto wa jirani walikuwa wanamwomba ainuke tena.

Alikata nyasi mchana baada ya Adhuhuri, zikiwa zimekauka maji. Adhana ya Alasiri ndiyo iliyokuwa mwisho wa kazi.

Basi siku moja asubuhi trekta ikagoma. Bishar anazungusha ufunguo, inasema tak, basi. Wakaichaji betri, ikafanya kazi vizuri mchana ule, na kesho yake asubuhi, tak. Chuo kikanunua betri mpya. Tak. Wiki zikapita, na kila asubuhi ilikuwa ni kuchaji. Nyasi zikawa ndefu mbele na fupi nyuma, kama mtu aliyekimbia kinyozi. Na pale penye tatizo lisilo na jina, watu hulitafutia mtu. Ikasemwa kwamba Bishar anawachajia simu vijana wa bodaboda. Ikasemwa kwamba anaibeba betri kwenda kuwasha taa nyumbani kwake. Hakuna aliyeona, lakini wote walijua.

Mkuu wa chuo alikuwa mgeni kwetu, mtu wa maneno machache. Akatuambia kwenye mkutano wa wafanyakazi: muhula ukiisha na trekta bado hivi, itapelekwa chuo kingine, na Bishar, ambaye kazi yake ni hiyo, atakwenda nyumbani. Na ikijulikana kwamba kuna wizi au uzembe, mwenye nao hatangoja muhula uishe.

Bishar alikuwa amekaa mwisho kabisa, anatazama mikono yake. Nilitamani kusema kitu na sikujua niseme nini. Mwalimu akasimama.

"Bishar si mwisi," alisema kwa ile sauti ya karakana. "Natoa neno langu haba mbele ya watu wote. Mimi nitashika kile kitu kinakula betiri. Nikishindwa, na mimi mniondoe."

Mwalimu wa ushonaji akaninong'oneza kwamba mzee amejichimbia kaburi. Mimi nilikuwa nimeshaona uso wa Bishar, na sikutaka utani.

Tangu kesho yake, kila asubuhi Mwalimu alikuwa kwenye banda la trekta kabla ya kengele. Jambo la kwanza, mkono wake ulikwenda kwenye ufunguo na kuurudisha mpaka mwisho, kwa mazoea ya usalama, kama wewe unavyovua viatu mlangoni. Ufunguo wenyewe haukutoka mahali pake. Wa kwanza ulipotea nyasini, huu wa pili ulifungwa kwa waya, na maandishi ya kuonyesha wazi na kufungwa yalikuwa yameliwa na jua. Kisha alichomoa waya wa hasi kwenye betri na kuweka taa ndogo ya kupimia katikati. Taa ikiwaka wakati kila kitu kimezimwa, kuna kitu kinakunywa umeme kisirisiri. Haikuwaka. Akapima kama injini inairudishia betri chaji. Inairudishia. Akafuata nyaya moja moja akitafuta meno ya panya. Akaosha vichwa vya betri kwa maji moto na magadi mpaka vikang'aa. Fyuzi, swichi, stata, vyote akavipima, na vyote vilikuwa salama.

Na kila siku alimwita Bishar atoe habari, naye Bishar akimwita adeer, yaani ami.

"Jana?"

"Nilikata, adeer. Nikamaliza, nikasali, nikaenda nyumbani."

"Na trekta?"

"Ikalala bandani."

Habari haikuwa na shimo, na hilo ndilo lililomsumbua Mwalimu. Alimgeuza Bishar huku na huku, habari ikawa ile ile, fupi na ya kweli.

Katikati ya hayo, mpwa wake akaolewa Elwak, na hakuwa na budi kwenda. Alikaa huko juma zima. Na sasa sikilizeni: juma lile zima, trekta iliwaka kila asubuhi, kwa mguso mmoja. Bishar akaanza kucheka tena. Mpishi akatangaza kwamba mashine imependa adhana yake. Mwalimu akarudi siku ya Jumapili akiwa na halua ya harusi, Jumatatu akaadhini, akafundisha, akafoka, na Jumanne asubuhi: tak.

Tulimtania mpaka tukakosa pumzi. Mwalimu wa ushonaji alisema trekta inamwogopa. Mimi, ambaye sijawahi kuuacha utani unipite, nilimshauri ahamie Elwak moja kwa moja, chuo kiokoke. Alikunywa chai yake bila kucheka, akaondoka. Siku zilizofuata hakuja kunywa chai nasi kabisa, na hapo ndipo nilipojuta, kwa sababu muhula ulikuwa unakaribia mwisho na yeye ameweka neno lake.

Bishar mwenyewe alimfuata mlangoni pa karakana, nikiwasikia. "Adeer, acha tu. Nitarudi Hulugho. Mungu ni mmoja."

"Nyamasa. Habari yako ina shimo, sijalibata bado. Ukienda, utaenda na shimo lako?"

Akabadilisha mbinu. Kwao, ngamia akipunguza maziwa bila sababu inayojulikana, hakuna wa kumpima. Unamfuata malishoni kutwa, unakula alipo, unaona anachoona. Mwalimu akawapa wanafunzi kazi ya kufanya, akachukua kiti, mwavuli na chupa ya chai, akaenda kukaa kando ya uwanja kuichunga trekta. Watu waliopita barabarani walisimama kumwangalia mtu mzima mwenye ndevu nyekundu anayelinda nyasi. Bishar alikata kwenda na kurudi. Mwalimu hakuondoa jicho. Alasiri ilipokaribia, alitazama saa yake, akainuka, akaenda kuadhini. Kesho yake asubuhi: tak. Akachunga tena siku iliyofuata, na matokeo yakawa yale yale.

"Huyo mwizi wako," nilimwambia nikipita na makopo ya rangi, "anazijua saa zako za sala kukushinda."

Nilisema kwa kutania tu. Lakini Mwalimu alinitazama mdomo wazi, chai ikimmwagikia magotini.

Siku iliyofuata alimwambia mpishi aadhini Alasiri, na aadhini kwa wakati, maharagwe yaungue yakitaka kuungua. Yeye akabaki kwenye kiti chake. Mimi nikafunga stoo nikaenda kukaa karibu naye, maana udaku ungeniua.

Bishar alikuwa ameshafika mstari wa mwisho, karibu na goli la upande wa bandani. Kipaza sauti kikakoroma, mpishi akaanza. Hakuwa amelimaliza lile neno la kwanza, Bishar alikuwa ameshatua chini. Hakugusa kitu. Aliinuka kama anavyoinuka mtu aliyeitwa na mama yake, injini ikanyamaza nyuma yake, naye huyo, anakunja mikono ya shati, anakimbilia bombani kutawadha. Wanafunzi wasiokuwa wa kusali, pamoja na waliokuwa na haraka ya mpira, wakatoka madarasani kama nyuki. Trekta iko njiani kwao, kwa hiyo wakaizunguka, wakaisukuma kwa vifijo mpaka bandani, wakafunga mlango. Hakuna aliyegusa ufunguo. Kwa nini auguse? Mashine iko kimya, imelala.

Mwalimu akaenda bandani polepole, mimi nyuma yake. Akainama, akasogeza sikio karibu na injini, akaukuta ufunguo wazi, akaufunga. Chini ya kabureta pakasema tik. Kidogo sana, kama kucha kwenye glasi. Akaufungua tena: tik. Akafunga: tik.

"Hiyo nini?" nikauliza.

"Ni fali ndogo ya kufungulia betroli. Ufunguo ukiwa wasi, inakunywa umeme. Taratibu, taratibu, mbaka asubuhi." Akaketi kwenye gurudumu. "Kila siku nikija asubuhi, Bishar amesungusha ufunguo akijaribu, mimi naufunga kwansa, halafu naansa kubima. Namfungia mwisi mlango, halafu namtafuta ndani."

Mambo yote yakakaa sawa kichwani mwangu kwa mara moja. Mpishi akichelewa kuadhini, Bishar anamaliza kukata, anaiendesha trekta mwenyewe mpaka bandani, anazima kwa ufunguo kama inavyotakiwa. Mwalimu akiadhini, kwa wakati wake usiopinda, Bishar bado yuko juu ya kiti uwanjani. Anashuka, kiti kinazima injini, na ufunguo unabaki wazi mpaka kesho.

Nilingoja acheke, maana mimi nilikuwa tayari kucheka. Hakucheka.

"Kwa hiyo ni Bishar," nikasema, na nilipolisema nikakumbuka maneno ya mkuu wa chuo juu ya uzembe, na kicheko kikanikauka.

"Ngoja," Mwalimu alisema. "Wewe usiseme neno kwa mtu. Wewe hasa." Kisha akakumbuka sala, akatoka mbio.

Asubuhi tukaingia ofisini kwa mkuu wa chuo: Mwalimu, Bishar, na mimi, kwa kuwa niliona. Bishar alikuwa ameshaambiwa. Alisimama karibu na mlango, na nilijua anamfikiria mama yake. Mkuu alisikiliza habari yote ya kiti, ufunguo na vali, akaweka kalamu chini.

"Sawa. Kwa hiyo mwenye kosa ni nani?"

Nilimwangalia Mwalimu. Huyu ndiye mtu aliyesugua meno kwa testa mbele ya darasa na akaligeuza kuwa somo.

"Ni mimi," alisema.

Mkuu akakunja uso. "Wewe ulikuwa unaendesha?"

"Habana. Mimi ndiye namshusha. Kila siku, saa ile ile, kwa sauti yangu. Umeona mwenyewe, nikisafiri betiri inabona, nikirudi inakufa. Na asubuhi mimi ndiye nafunga ufunguo, naficha ushahidi. Kosa langu, la mwanso mbaka mwisho. Nimekosea."

Sijui kama mkuu aliamini alichosikia. Alimtazama Mwalimu, akamtazama Bishar, akanitazama mimi, nami nikatazama dari. "Mwalimu," alisema mwishowe, "unataka niwaambie wafadhili kwamba betri yao imemalizwa na adhana?"

"Waambie ukweli," Mwalimu akajibu bila hata kupepesa.

Mkuu akapiga funda la chai iliyokuwa mezani, akajizuia, akajizuia, kisha ikamtoka puani. Hatukuwa tumewahi kumsikia akicheka, na alicheka vizuri, kwa mabega. Bishar naye akapasuka kile kicheko chake cha ghafla, huku machozi yakimtoka, na sidhani yote yalikuwa ya kicheko. Trekta ikabaki. Bishar akabaki nayo.

Mwalimu alitafuta honi ya tuktuk iliyochakaa na kuifunga chini ya kiti: ukiinuka na ufunguo uko wazi, inalia. Siku ya kwanza, adhana ilipotoka tu, Bishar akaruka, honi ikapiga yowe, mbuzi waliokuwa wamejipenyeza uwanjani wakatawanyika hadi barabarani, na Bishar akarudi mbio kutoka bombani akiwa na mguu mmoja umelowa. Wanafunzi walilala chini kwa kucheka. Baada ya siku chache mkono wake ulizoea, akawa anafunga ufunguo huku anashuka, na honi ikabaki na utando wa buibui.

Mwalimu akarudi kwenye chai yetu na kwenye tabia zake. Alisimulia kisa kile kwa kila mgeni, na kila mara kilikuwa kirefu zaidi. Katika simulizi zake zote hukumsikia akisema Bishar alisahau ufunguo. Mambo mengine yote alikuwa hakosei, kama kawaida.

Sasa amestaafu. Mwezi uliopita nilikwenda kumwona Galbet, nikachukua na majani ya chai. Magoti yanamsumbua na haendi mbali, lakini anaadhini msikiti wa mtaa wao, na mkewe anasema huko nako ameshawafokea wote kuhusu nyaya. Tulikaa barazani. Nikamwambia kwamba Bishar amepata mtoto wa pili, na amemleta mama yake kutoka Hulugho, wanaishi pamoja. Akafurahi mpaka akapiga goti bovu na kulia kwa maumivu.

Nikaona nimuulize, kwa kuwa lilikuwa limenikaa moyoni. "Siku ile ofisini, ulisema uongo. Ufunguo alisahau Bishar. Kosa lilikuwa lake, na wewe ulijua."

Nilidhani atanigombeza. Akakitua kikombe chini.

"Abaayo, mimi nimeadhini miaka mingi. Watu wanasikia, halafu wanamalisa simu kwansa. Wanamalisa chai. Wanamalisa maneno. Mimi mwenyewe, kama si mimi naadhini, ningemalisa kwansa waya yangu. Yule alikuwa anashuka neno la kwanza likiwa bado mdomoni kwangu. Hata ufunguo hakumbuki. Sasa nimwite mtu, aje mbio namna ile, halafu nimfukusishe kasi kwa sababu amekuja?"

Nilimwambia hapana, Mwalimu, hapo hukukosea.